Sweta ya mtoto wa miaka 5: kichwa hakipiti na ukosi una makunyanzi. Nimekosea wapi?

MamaWawili_Malindi:

Asalaam aleikum mafundi. Kusi limeingia na mtoto hupakiwa bodaboda alfajiri kwenda shule, kwa hivyo nimemshonea sweta ya kupitisha kichwani, haina zipu wala kifungo. Kumvisha ndiko kumenishinda.

Pateni (mchoro wa kukatia vipande) niliitoa mtandaoni, saizi 110, nikaichapisha saiba kwenye karatasi za A4 na kuziunganisha. Kitambaa ni cha pamba, kile cha sweta chenye manyoya upande wa ndani. Ukosi nimeukata kwa kitambaa hichohicho, sikupata kingine cha rangi ile. Cherehani yangu ni ya miguu, inapiga mshono wa kunyooka tu. Kila mshono nimeacha sm 1.5, kama ninavyoacha kwenye gauni.

Mtoto: urefu sm 112, kifua 57, kichwa 52 nikizungusha tepu juu ya masikio, bega hadi kifundo cha mkono 38.
Sweta: kifua sm 62 na milimita chache, ilhali jedwali la pateni linasema ikiisha iwe 68. Ukosi mzima sm 29, tundu la shingo nilipoushonea ni 39.

Kichwa hakipiti, na nikilazimisha uzi unakatika shingoni. Ukosi umejikunja kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba. Mabega yamelegea na kufanya mawimbi. Akiinua mikono, kwapani panambana. Akiba ya mishono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mshono, sijaipunguza bado. Je, inaokoleka? Na nikikata nyingine, niipanue vipi ili aivae na mwaka ujao?

Fundi_Muyeye:

Waaleikum salaam dada. Usifumue kitu kwanza. Tafuta ile karatasi ya pateni yenye mraba wa kujaribia, ambao huandikwa sm 5 au 10. Upime kwa rula ya shule, si kwa tepu, maana tepu ikizeeka huvutika. Tena angalia maelezo yanasema nini kuhusu akiba ya mshono: imo tayari au uiongeze mwenyewe?

MamaWawili_Malindi:

Mraba umeandikwa sm 10. Nimepima, ni 9.5. Akiba imo, sm 1.

Fundi_Muyeye:

Basi hesabu imejifunga yenyewe. Kifua 68, ongeza akiba ya sm 1 kwenye kingo nne za ubavuni (mbili za badani ya mbele, mbili za nyuma), karatasini pawe na 72. Karatasi yako imepunguzwa hadi asilimia 95, kwa hivyo ulikata 68.4. Kisha ukashona 1.5 kwenye kingo zote nne, zikaondoka 6. Zimebaki 62.4. Mkono wako haukukosea, umeshona sawasawa kitu kilichokwisha kuwa kidogo.

Kosa la kuchapisha hutoka hapa: programu ya kufungulia faili hujichagulia yenyewe kutosheza ukurasa. Pateni nyingi za Marekani hupangwa kwa karatasi yao, yenye upana wa sm 21.6, na A4 ni sm 21, kwa hivyo programu huibana ili iingie. Mwambie wa saiba aweke ukubwa halisi, asilimia 100, achapishe ukurasa wa mraba peke yake, upime hapohapo kaunta, ndipo achapishe zilizobaki. Milimita moja ya tofauti kwenye mraba wa sm 10 vumilia. Tano usikubali.

Akiba nayo kila mwenye pateni ana desturi yake. Za Ujerumani mara nyingi hazina akiba kabisa, unaongeza mwenyewe. Za Marekani za nguo za kawaida huwa na sm 1.5 ndani. Za vitambaa vya kuvutika huwa 0.6 au 1. Mazoea ya gauni yaache kwenye gauni.

Shingo ni kesi nyingine. Hata pateni ingetoka sawasawa, kichwa kisingepita, kwa sababu ya kitambaa cha ukosi. Chukua kipande kilichobaki, weka alama mbili zilizoachana sm 10 kwa upana wa kitambaa, yaani kutoka ukingo mmoja wa kiwandani kuelekea wa pili. Shika kwenye alama, vuta mpaka kikatae. Hicho cha manyoya kwa kawaida hufika 12.5 hivi, robo tu. Sasa: ukosi wa 29 ukivutika robo yake ni 36. Kichwa ni 52. Na tundu ni 39, kwa hivyo ukosi wako haufiki hata kwenye tundu lake ukivutwa hadi mwisho. Ulipolazimisha vikutane, badani ndiyo iliyokubali kujikunja. Hayo ndiyo makunyanzi.

Kanuni ni moja ila unaipima mara mbili. Kipimo cha ukosi, na uvutikaji wake, lazima kizidi kichwa. Kipimo cha tundu la badani, na uvutikaji wake, nacho kizidi kichwa. Wengi hupima ukosi wakasahau tundu. La kwako, 39 na robo, ni 48 na kitu. Lingekwama hata ukosi ungekuwa wa mpira.

BintiLangoni:

Salaam kutoka Lamu. Sweta usiitupe. Akiba hujaikata, hiyo ndiyo bahati yako.

Anza ubavuni. Fumua kutoka ukingo wa mkono, pita kwapani, hadi pindo la chini, ushone upya kwa akiba ya milimita 7. Kila ukingo warudisha milimita 8, kingo ni nne, umepata sm 3.2. Kifua chawa 65 na nusu, na mtoto ni 57. Nafasi ya sm 8 na nusu yatosha sweta kuvaliwa juu ya shati.

Ukitaka zaidi ya hapo, tia taharizi. Aliyeshona kanzu aijua: ule ukanda wa ubavuni unaounga badani ya mbele na ya nyuma. Kata kanda mbili za upana wa sm 5, ndefu kutoka ukingo wa mkono hadi pindo, kila ubavu mmoja. Kwapani sm 5 kamili, kuelekea kiganjani upunguze polepole hadi 3 ili mkono usiwe mpana kama wa kanzu kweli. Shona kwa sm 1 kila upande, na badani nayo sm 1. Taharizi moja yabaki sm 3, mbili ni 6, kifua chafika 70. Rangi tofauti yapendeza, itaonekana umekusudia tangu mwanzo. Uvutikaji wa ukanda uelekee upana, kama wa badani. Ukikata kwa urefu, ubavu hautavutika na mbele itavutika, nguo itakaa kama imepinda.

Kama kifua chatosha na tatizo ni kwapani tu, taharizi ni kazi bure. Tia kikwapa. Kata mraba wa sm 7 kwa 7. Pale mishono inapokutana kwapani, fumua sm 5 kuelekea mkononi na sm 5 kuelekea pindo. Mshono unaounga mkono na badani usiuguse. Utapata tundu lenye kingo nne za sm 5 kila moja, na mraba wako ukiondoa akiba ni sm 5 kila upande. Kona moja iangukie mshono wa mkono, ya pili mshono wa ubavuni, mbili zilizobaki ziangukie mishono ya mkono na badani, mbele na nyuma. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwanza pande zote nne. Anza na umalizie kila upande hasa kwenye kona, usivuke hata mshono mmoja, inua mguu wa cherehani, geuza, endelea. Ukivuka kona, patatokea kikunjo ambacho pasi haikitoi.

MamaWawili_Malindi:

Hii ya kikwapa nimeipenda. Shingo je? Nikifumua ukosi nitaweka nini, na ribu (kile kitambaa cha mistari kinachovutika sana) sina?

BintiLangoni:

Mpasuko wa mbele wenye lisani, tena kama kanzu. Tundu lako ni 39. Pasua katikati ya mbele sm 8. Ukifungua, kila upande wa mpasuko waongeza 8, jumla 55. Kichwa cha 52 chapita bila kuvuta chochote, na ukosi hauhitaji kuvutika tena.

Chukua kitambaa kisichovutika, marekani au popilini, sm 8 kwa 12. Kiweke juu ya uso wa sweta, uso kwa uso, katikati. Chora mstari wa sm 8. Shona kuuzunguka, milimita 5 kutoka mstari juu, ukishuka uje ukaribie mpaka chini ubaki mshono mmoja tu wa kukata ncha. Sehemu ya chini shona mara mbili kwa mishono mifupi, hapo ndipo panapochanika. Kisha pasua kati kwa mkasi wenye ncha hadi uzi mmoja kabla ya mshono. Usipofika karibu, kitambaa kikigeuzwa hufanya kikunjo. Ukipita, pana tundu. Geuza ndani, piga pasi, shona juu milimita 2 kutoka ukingoni. Lisani, ukanda wa sm 4 kwa 10, ukae nyuma ya mpasuko, ushikiliwe upande mmoja tu na chini.

Ukosi: ukanda wa sm 41, upana 6, ukunjwe katikati, ufunge ncha. Utasimama kidogo badala ya kulala. Kitanzi cha uzi na kifungo kimoja juu, basi.

UziNaSindano:

Naona watu wamerukia pateni, lakini uzi kukatika na mabega kulegea ni mambo ya cherehani, na yatajirudia hata kwenye sweta ya pili.

Sindano kwanza. Ya kawaida ina ncha kali, hutoboa nyuzi za kitambaa cha kufumwa, yaani cha kuvutika kama hicho, badala ya kupita kati yao. Matokeo ni vitobo vidogo vinavyokua nguo ikifuliwa, au mshono unaoruka. Tafuta yenye ncha ya mviringo, namba 90/14 kwa kitambaa hicho kizito, 75/11 kwa fulana nyepesi. Cherehani nyingi za miguu za nyumbani hutumia sindano ileile inayoandikwa HA×1, au 15×1, au 130/705H. Ikiwa na herufi SUK mwishoni, hiyo ndiyo ya ncha mviringo. Itoe ya zamani uilinganishe urefu kabla ya kulipa.

Uzi uwe wa polista. Wa pamba hauna mvutiko na ndio unaokukatikia. Urefu wa mshono milimita 2 hadi 2.5. Legeza kidogo kikaza uzi cha juu, na legeza skurubu iliyo juu ya nguzo ya mguu wa cherehani ili mguu usikandamize sana. Ukikandamiza, meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini na cha juu hubaki nyuma. Ukifika mwisho kimoja kimezidi kingine sm 1 na huelewi kimetoka wapi.

Ukishona ubavuni na mikononi, vuta kidogo mbele na nyuma ya sindano kwa nguvu sawa, ili mshono uwekwe kitambaa kikiwa kimenyooshwa. Kidogo. Ukivuta nyuma peke yake sindano inapinda na kugonga bati. Jaribu kwanza kwenye kipande: shona sm 10, kivute. Kikifika 12.5 bila uzi kulia, endelea. Uzi ukikatika, fupisha mshono au legeza tena. Halafu piga mstari wa pili milimita 3 kutoka wa kwanza, ndani ya akiba.

Begani ni kinyume chake. Bega halitakiwi kuvutika hata kidogo, linabeba uzito wa nguo yote. Kata utepe mwembamba wa pamba, milimita 6 hivi, urefu uuchukue kutoka kwenye karatasi ya pateni, si kutoka kwenye kitambaa, maana kitambaa kimeshalegea. Uweke juu ya mstari wa mshono, shona vyote pamoja bila kuvuta. Bega la sm 9 litabaki 9 mpaka nguo ichakae.

Na ile shingo ya ribu, ukiipata siku moja, ishone kwa mkono. Sindano ya mkono, uzi mara moja, kila hatua unarudi nyuma nusu ya ulipotoka, hatua za milimita 3, bila kukaza. Mshono huo unavutika kuliko wowote wa cherehani ya kunyooka. Ni sm 40 hivi tu, haziumi.

OvalokiTu:

Mbona mateso yote haya? Peleka vipande kwa mwenye ovaloki (cherehani ya kumalizia kingo), dakika kumi kwisha.

UziNaSindano:

Ovaloki nzuri, siipingi, mshono wake unavutika vizuri. Lakini ina kisu. Ikishapita, akiba imekwenda na hakuna tena kulegeza kama alivyoelezwa hapo juu. Kwa hiyo apige bandi, amjaribishe mtoto, ndipo ipite. Na bega bila utepe litafanya mawimbi hata kwa ovaloki, hasa kama meno ya mbele na ya nyuma yanasukuma kwa kasi moja.

OvalokiTu:

Hapo kwa kisu nimekubali.

Fundi_Muyeye:

Turudi kwenye sweta ya pili. Saizi hizi ni urefu wa mtoto kwa sm, kwa hivyo wa 112 anakwenda saizi 116. Kama faili lina saizi zote, chapisha ya 116 kwa ukubwa halisi na huna la kuongeza. Kama lina 110 peke yake, panua hivi.

Upana: kati ya 110 na 116 kifua huongezeka sm 2. Pateni ni nusu ya mbele na nusu ya nyuma, kila moja robo ya mwili, kwa hivyo ongeza milimita 5 tu kwenye ukingo wa ubavuni wa kila kipande. Wengi huongeza sm 2 kwenye kila kipande, wakapata sweta iliyozidi sm 8. Ukishaongeza milimita 5 kwenye badani, mkono nao uongeze milimita 5 kila upande pale kwapani, la sivyo havikutani. Shusha kwapa la badani milimita 5. Halafu simamisha tepu ukingoni upime mzunguko wa kwapa la badani, mbele na nyuma, na mzunguko wa kichwa cha mkono (ukingo wa juu wa mkono unaoungwa na kwapa), vyote kwenye mstari wa mshono na si kwenye ukingo wa karatasi. Kwa kitambaa cha kuvutika viwe sawa, au mkono uzidi kwa sm 1 mwisho. Ukizidi zaidi, mabega yatapanda kama ya gauni la harusi.

Urefu: usiongeze pindoni. Ubavu umechorwa kwa mteremko, ukiurefusha chini unabadilisha upana wa pindo. Kata pateni kwa mlalo katikati ya kwapa na pindo, tenganisha sm 2, bandika karatasi, unganisha mistari. Mkono vilevile, kata juu kidogo ya kiwiko, tenganisha sm 2. Sweta ya mwaka ujao haipatikani kwa kurefusha mkono sm 6, mtoto atakanyaga uji nao. Inapatikana kwenye kingo za mikono: badala ya kukata ribu ya upana wa sm 8, kata 14. Ikikunjwa mara mbili na kushonwa inabaki sm 6. Mwaka huu unaipindua juu ibaki 3, mwakani unaiteremsha. Urefu wa ribu hiyo kuzunguka kifundo sm 16 pamoja na akiba.

Shingo: kata tundu kubwa kidogo kuliko pateni inavyosema. La 110 ni 38 kwenye mstari wa mshono. Kichwa 52, kitambaa kinavutika robo, tundu lisipungue 42. Shusha mbele sm 1.5, na toa sm 1 begani kila upande upande wa shingo, mbele na nyuma. Hapo hufika karibu na 42, lakini pima kwa tepu iliyosimama kabla ya kukata. Mteremko wa bega hubadilisha hesabu. Kuongeza ni rahisi, kurudisha hakuna.

Ukosi wa ribu: asilimia 80 ya tundu. 42 ni 34 kwa makadirio, na akiba sm 2, kata 36. Upana 6, ukikunja na kushona unabaki sm 2. Sababu ya kuufanya mfupi: ukingo wa juu wa ukosi uko karibu zaidi na shingo, mzunguko wake ni mdogo kuliko wa tundu. Ukiukata sawa na tundu utasimama na kuachama. Ukiukata asilimia 70 utakunja badani, umeshaona. Gawa ukosi robo nne kwa pini, tundu nalo robo nne (robo za tundu hazianguki begani, mbele ni ndefu kuliko nyuma), kutanisha alama, vuta ukosi peke yake na badani ilale. Mshono wa ukosi uweke nyuma, karibu na bega la kushoto. Ukiuweka katikati ya nyuma utamkera shingoni.

Ukiisha, usiutelezeshe pasi. Iweke juu ya kitambaa kibichi, inua, weka tena. Mvuke hurudisha ribu, kutelezesha huivuta.

MkasiMkali:

Mpangilio pia ni muhimu na hakuna aliyeutaja: mabega, kisha ukosi, kisha mikono ikiwa ubavu bado uko wazi, kisha mkono na ubavu kwa mshono mmoja mrefu, mwisho ribu za mikono na pindo. Kuingiza mkono mdogo wa mtoto kwenye ubavu uliokwishafungwa ni kujitafutia makunyanzi.

Akitaka kofia nyuma badala ya ukosi, asitie kamba. Ulaya kanuni ya EN 14682 imezikataza shingoni na kofiani kwa watoto walio chini ya miaka 7, kwa sababu hunasa. Kwenye bodaboda sina haja ya kueleza.

MamaWawili_Malindi:

Nimefumua ubavu, akiba milimita 7, kifua kimetoka 65.5 kamili. Naendelea na kikwapa. Swali la mwisho: ribu niitoe wapi? Dukani nilipokwenda wana ya nyeusi tu, na ni nzito.

UziNaSindano:

Mitumbani. Tafuta sweta au fulana nzito ya mtu mzima, kubwa kabisa, ambayo badani imechakaa au ina doa, bei yake huwa chini. Pindo lake la chini lina ribu inayozidi mita moja kuzunguka na upana wa sm 6 au 7 ikiwa imekunjwa, 12 hadi 14 ikifunguliwa. Ukosi wako unataka 36, mikono 16 mara mbili. Inatosha na masalio yanabaki.

Ijaribu papo hapo, muuzaji hatasema kitu. Vidole vikiachana sm 10, vuta. Kwa ukosi wa 34 na kichwa 52 unataka 10 ifike 16 kwa uchache. Kisha iachie na uitazame. Ikirudi 10, au 10 na kidogo sana, nunua. Ikibaki 11 mpira umekufa, ukosi utaachama baada ya kufuliwa mara mbili. Ifumue kwa wembe kwenye mshono, usiikate kwa mkasi, unahitaji kila milimita.

BintiLangoni:

Na vyote vifuliwe kabla ya kukatwa, kitambaa kipya na ribu ya mtumba, kwa namna ileile utakayofulia nguo ikiisha. Pamba ya kufumwa hurudi, hasa kwa urefu. Ukikata kwanza, zile sm 2 ulizoongeza zitaliwa na fuo la kwanza. Kama maji yenu ni ya kisima cha chumvi, sabuni haitoki vizuri na ribu hukauka ngumu, utaipima vibaya. Maji ya mwisho ya kusuuza yawe ya mfereji au ya mvua. Anika ikiwa imelala juu ya mkeka, kivulini. Ukiitundika kwenye kamba, uzito wa maji huivuta.

Pini usizilaze ndani ya kazi. Kwa hewa ya bahari asubuhi zimeshaacha alama ya kutu, na kwenye kitambaa cheupe alama hiyo haitoki.